Mizani ya Shimanzi

Kabla ya kuligusa gari, Fundi Shekuwe huligonga
kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayechagua nazi,
kisha hutega sikio.
Miaka arobaini bati limemjibu: ngee,
naye akajua pale pana kutu, pale pamezibwa kwa puti,
pale mwenye gari anadanganya.

Leo yadini pana kijigari cheupe
cha Mwalimu Mbeyu wa Bombolulu.
Trela limekibusu ubavuni pale Kibarani.
Fundi akagonga.
Pu.
Akagonga tena, juu kidogo, kama aliyekosea mlango.
Pu.
"Hini ni gari," akaniuliza, "au ni sahani ya arusi?"

Nikamwambia fenda ni plastiki, boneti ni alumini,
na ndani pistoni ni tatu.
"Tatu?"
Akainama kuchungulia, akiwatafuta wenzao waliobaki.

Injini ya Bedfodi niliyoikuta hapa mwaka nilioanza kazi
ilishushwa na wanaume sita na mnyororo,
na mmoja wao, Nzaro, hakuunyoosha mgongo tena.
Hii ya Mwalimu tuliitoa mimi na Tsuma,
asubuhi, kabla ya chai,
na kichwa chake nikakipakata hadi mezani
kama mtoto wa jirani aliyepitiwa na usingizi.

Sisemi uongo: chumvi ndiyo iliyotulisha.
Upepo wa bandarini uliingia milangoni mwa magari,
ukala kutoka ndani, ukatuachia makombo.
Fundi amesomesha watoto wanne kwa kutu.
Plastiki haishiki kutu. Chumvi huilamba
ikaondoka na njaa yake,
nayo njaa ikahamia kwetu.

Mwalimu Mbeyu hana habari na msiba huu.
Asema mafuta ya siku tatu sasa yampeleka wiki nzima,
na chenji hununulia changu wa kukaanga.
Akitoka kivukoni Likoni na wageni wanne
huzima kiyoyozi, hukiambia, "Haya, baba,"
nacho huukwea mlima kikilia kama cherehani.

Adhuhuri, tukingoja rangi ikauke, fundi alitunga:

    Chuma hunena na nyundo, plastiki inanyamaza,
    Nimezoea kishindo, kimya hiki chanikwaza,

mshororo wa tatu ukamkatalia.
Nikahesabu kwa vidole: kumi na sita, kumi na sita.
Zimo zote. Mistari yake hupakia hivyo daima,
imejaa hadi turubai.
Mimi nikaandika nyuma ya stakabadhi:

    Kidogo nacho chafika.

Akaisoma akiiweka mbali na macho.
"Umepunguza silinda," akasema.

Basi nikawasha chuma cha kulehemu,
nikaushona ufa kwa waya wa moto, kishono baada ya kishono,
moshi mchungu ukinichoma pua.
Alisimama nyuma yangu, mikono mitupu,
akipumua kwa nguvu kila nilipokosea.
Nilikosea mara mbili.

Ijumaa tukaipeleka Bedfodi Shimanzi.
Mizani ya vyuma chakavu ililia, mshale ukazunguka,
Abushiri mwenye mizani akahesabu noti akilamba kidole.
Ile injini ilipoondolewa, fundi akapanda yeye,
na kandambili zake, na funguo mfukoni.
Kilo hamsini na moja.
"Hata wewe, Shekuwe," akacheka Abushiri,
"wamekubadilishia matirio!"
Fundi hakucheka. Alishuka polepole,
mguu mmoja, kisha wa pili,
akautazama mshale ukirudi sifuri.

Nyundo hakuiuza.
Iko mezani, upande wa dirisha,
juu ya stakabadhi za mwezi huu zisipeperuke,
na ile yenye nane zangu
ameiweka chini kabisa.