Teza

Mwalimu Ngumbao alitugawia maneno, mtu na lake:
maana zake zote, na asili yake, kesho asubuhi.
Mimi nikapewa *cheza*.
Nikajiona nimebahatika. Nani asiyejua kucheza?

Nikaanza na Shee Lali, seremala wa Langoni,
amepiga magoti mlangoni, misumari mdomoni.
"Bawaba hii yateza," akasema.
"Ukiona chuma chateza, ujue ubao umechoka."
Nikaandika: kulegea.

Dukani kwa Banafa, Mwana Rukia
ameikazia macho sukari yake.
"Mizani yako yateza!"
"Haitezi, Mwana Rukia. Ni mato yako."
Nikaandika: kudanganya.
Nikaweka alama ya kuuliza.

Nyumbani, Nyenye analisukuma jino kwa ulimi,
anateza nalo, nalo lateza naye.
Nani mtenda hapo, nani mtendwa?
Sarufi yetu haikufika kinywani mwa mtoto.

Ikabaki asili.
Nikamfuata bibi dakani.
"Bibi, *teza* iligeuka *cheza* lini?"
Akacheka. Niseme kweli: akateka.
"Muulize alokwenda Unguja
akarudi na *ch* mfukoni."
Kisha akanipa usiku wa harusi ya dadake,
wanawake ghorofani, milango imefungwa:
"Tuliteza hata boriti zikateza,
chokaa ikawamwaikia waume huko chini,
wali wao ukawa mweupe mara mbili."

Akainua kikombe.
Kahawa ikagonga ukingo, ikaruka,
ikatua kwenye leso.
Ni tangu Rajabu, na nyumba nzima
hakuna aliyethubutu kulitaja.
Akautazama mkono wake
kama mtu amtazamavyo mtoto asiyesikia.
"Huu nao wateza," akasema.
"Ila ngoma yake mimi siisikii."

Kalamu ilikuwa mkononi. Sikuandika.

Asubuhi Mwalimu akapita na wino mwekundu,
kila *t* akaikata, akapachika *ch* juu yake.
Tano kwa kumi. *Asili haikuelezwa.*

Niliporudi, Nyenye alikuwa ananingoja kizingitini,
pengo wazi, ngumi imefumbwa.
Akaifumbua: jino, dogo kuliko nilivyodhani,
na uzi wa damu.
Nikampongeza. Hakufurahi.
Alilisukuma kwa kidole, kiganjani, mara mbili.
"Haliteza tena," akasema.