Siku Tisa

Watu wanadhani kazi hii ni mdomo.
Kazi hii ni makalio:
benchi la Baraza la Ardhi, Moshi, tangu saa mbili,
faili mapajani, joho limepauka mabegani,
hadi karani atoe kichwa mlangoni kama kobe:
"Mheshimiwa ana udhuru. Tarehe kumi na nne."
Nami naandika kumi na nne. Mteja anahesabu nauli.

Ni stempu, ni mihuri, ni kumbembeleza kijana wa masijala
atafute jalada lililolala chini ya majalada.
Ni ada inayolipwa nusu, na nusu nyingine mkungu wa mshare
(mke wangu amechoka kupika mtori).
Ni mlima unaofunguka dirishani dakika mbili
kisha unajifunga, kama hakimu aliyekwisha kusikia.

Kesi ile ya Kibosho niliishinda kwa dakika sita.
Sikugusa mpaka. Sikutaja masale yaliyong'olewa usiku,
wala nani alimzika nani katika kihamba kile.
Nilisema tu: rufaa imeletwa nje ya muda,
kwa siku tisa.
Nikainama, nikakaa.
Ndewirwa, mteja wangu, alinishika kwa mikono miwili,
na yote miwili ilikuwa na jasho.

Jumamosi, soko la Mbuyuni, natafuta parachichi.
Muuzaji akainua uso: Aikande,
shemeji yake Ndewirwa, mrufani wa siku tisa.
Nilitaka kugeuka. Miguu ikakaidi amri.
Akanichagulia matatu, akiyabonyeza kwa kidole gumba:
"Hili la leo, hili la kesho, hili lisubiri Jumanne."
Akatia la nne, nyongeza.
Kisha, bila hasira, kama anayeuliza saa:
"Zile siku tisa, wakili,
ni zile nilizokaa matanga ya mume wangu,
au mnahesabu nyingine?"

Jibu ninalo. Nina kifungu, nina kifungu kidogo,
nina uamuzi wa Mahakama ya Rufani, kurasa kumi na saba.
Nikalipa, nikasahau chenji.

Lipo ombi la kuongezewa muda.
Kiapo chake hakizidi kurasa mbili.
Wa kumwambia si mimi;
kwa mujibu wa kanuni, si mimi.

Leo Alhamisi. Parachichi la Jumanne
liko juu ya kabati la mafaili,
linalegea upande mmoja.
Kisu kipo. Sijalikata.