Jozi

Mama hupasua jozi kwa nyundo ya marehemu baba,
kumi asubuhi, kumi kabla sijalala,
huzipanga kisahanini kama dozi,
na mimi sijamwambia neno.
Lakini Kutaisi siri hailali nje,
kila nyumba huikaribisha:
muuza jibini anajua, kinyozi anajua,
jirani Tsiala kaleta samaki, kaleta mbegu za maboga,
kanong'ona na Nestan jikoni,
wakanyamaza nilipoingia kuchota maji.

Sigara nimeacha. Soseji za Vazha nimeacha,
na divai pia, isipokuwa kwenye kilio na ubatizo
(ubatizo wa watoto wa wenzangu;
mwaka huu ni mwingi).
Nyanya nakula mpaka jasho linanuka bustani.

Daktari hakunidharau.
"Chakula kina sehemu yake," alisema,
"mbolea hunenepesha kilichopandwa."
Kisha akageuza karatasi, akachora jozi.
Si hizi za mama. Za mwilini:
ishirini na mbili zimekaa kama wanandoa kanisani,
na ya mwisho, mrefu na mfupi.
Kwa yule mfupi akafuta kipande kwa kifutio.
"Hapa. Hiki hukuzaliwa nacho."
Vumbi la kifutio likabaki mezani.
Nililipuliza, polepole, kwa adabu.

Baba alikula mafuta ya nguruwe kwa kijiko,
alivuta hadi wiki ya kuzikwa,
akazaa wanne, mimi kitinda mimba.
"Huenda yeye alikuwa nacho," daktari alisema,
"kikadondoka njiani, kati yake na wewe."
Njia ipi hiyo? Ningejua ningerudi na tochi.

Kwa sindano, alisema, wanaweza kutafuta;
pengine wachache wamejificha humo.
Ila akizaliwa wa kiume
atarithi pengo lilelile, salama salimini.
Nestan alicheka, kicheko kibaya,
akasema basi angalau atafanana na wewe,
kisha akanishika mkono ndani ya basi
mpaka kituo chetu kikapita.

"Malkhaz, kula," mama anasema.
Nakula. Ngozi yake chungu, nyama tamu.
Anapiga nyundo. Ganda linafunguka:
tupu, utando mweusi tu.
Haniangalii. Analitia mfukoni mwa aproni upesi,
kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyewe,
na anachukua nyingine.