Tangazo la Nafasi Moja

Idara ya watumishi inataka tangazo kabla ya saa kumi.
"Andika wewe, Nasimiyu, kazi unaijua."
Ghorofa ya tano, Barabara ya Ngong. Chini, mvua ya Aprili
inapiga mabati ya kibanda cha chapati.

Naandika: shahada ya sayansi ya kompyuta.
Naandika: uzoefu wa miaka mitano.
Nafuta mitano, naweka mitatu,
namkumbuka Kiplimo, aliyekuja na shahada mbili
na hakuwahi hata siku moja kutamka "sijui".
Tulikesha siku tatu tukifukua alichokizika.

Naandika: ajue kutunga programu.
Lakini kutunga ni asubuhi tu.
Mchana kutwa ni kusoma kazi ya mtu aliyekwisha hama,
kama kuvaa koti la marehemu: unapapasa mifukoni,
unakuta risiti, ufunguo usio na kufuli,
na kikaratasi: usiguse hapa.

Mimi niligusa.

Ilikuwa zahanati moja Kayole. Fomu yetu
ilidai majina matatu, la sivyo haisongi.
Tuliijaribu wiki nzima, ikafaulu kila mtihani,
maana sote pale mezani tulikuwa na majina matatu.
Akaja bawabu wa zamu ya usiku, kifua kimembana.
Jina?
Ekai.
Ekai nani?
Ekai, basi.
Karani akawaza kidogo, akachapa:
Ekai Ekai Ekai.

Mwisho wa mwezi nikawaona kwenye orodha,
Akiru Akiru Akiru, Lokwang Lokwang Lokwang,
nikadhani ni takataka za majaribio.
Mistari sita ilitosha kuwafuta.
Nikaenda kunywa chai.

Simu ya Bi Rukia, karani, haikuwa na salamu:
"Mgonjwa ameketi mbele yangu
na mashine yenu inasema hayupo."
Vipimo vyake, mzio wake wa penisilini,
vyote nilivipeleka na jina.

Nilikwenda Kayole mwenyewe, viatu vikiwa tope.
Ekai akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.
"Mlinipa jina mara tatu," akasema,
"mkaninyang'anya kwa mara moja."

Saa kumi kasorobo. Naongeza mstari:
Mwombaji ataje mtu mmoja, kwa jina,
aliyewahi kuumizwa na kazi yake.

Watumishi wataukata, najua.
Nabonyeza tuma.