Sekunde Tisini

Saa nane na nusu mchana, na jua limeshatua Kajaani.
Nimeketi jikoni, taa imenielekea usoni
kama alivyonielekeza Venla kwa simu:
Mama, ondoa kivuli. Mashine haipendi kivuli.

Kazi yenyewe ni ya ghalani, kupanga vifurushi.
Kioo kinasema: *Jieleze kwa sekunde tisini.*

Mimi, niliyekaa miaka ishirini na miwili
ubavuni mwa mtambo wa karatasi,
nikijua kwa sikio roli gani inalilia grisi,
kwa ncha ya kidole unyevu wa karatasi
kabla kipimo hakijafungua mdomo.
Hakuna aliyewahi kuniambia nijieleze.
Kelele mle ilimeza maneno yote,
tukasemezana kwa nyusi:
viganja viwili juu, simamisha;
kidole shavuni, kahawa.

Kabla ya kamera kulikuwa na fomu.
*Eleza pengo la miaka mitatu.*
Ukachague: masomo, safari, biashara binafsi.
Nikabonyeza Mengineyo, nikapewa alama arobaini.
Nikaandika: Nilimuuguza mama. Alifariki Machi.
Zikabaki nafasi sita.
Nilizitazama mpaka kahawa ikapoa.

Venla anaijua mitego yao.
Anasema yachukue maneno ya tangazo lao,
mwenye ari, mwepesi kubadilika, mwenye maono,
uyabandike chini ya wasifu kwa wino mweupe.
Mtu hatayaona. Mashine itayasoma yote.

Nilicheka hadi nikakohoa.
Miaka ishirini na miwili nimetengeneza weupe,
nimeuosha, nimeukausha, nimeupiga pasi,
nimeupakia malorini usiku wa theluji,
leo niufichie uongo tumboni?

Sisemi mimi ni malaika. Njaa ina hoja zake.
Reijo wa ghorofa ya pili alinyoa ndevu,
akavaa suti ya mazishi mbele ya simu,
akatabasamu kila baada ya sentensi, kama alivyosoma.
Walimkataa saa tisa na dakika nne usiku.
Tulijiuliza ngazini, mimi na yeye:
saa hiyo, nani alikuwa macho?

Nami nilijaribu. Mara ya kwanza nilitabasamu.
Nikasema vifurushi vinanipa shauku.
Nilipojitazama nikamwona mwanamke
aliyeazima meno yangu
na hana nia ya kuyarudisha.
Nikamfuta.

Mara ya pili nikasema:
Naitwa Irmeli Kokkarinen.
Nasikia mtambo ukiugua kabla haujalala.
Sina maneno mengi.
Nikisema nitafika saa kumi na mbili,
saa kumi na mbili nimeshavua koti.

Basi. Nilikuwa nimemaliza,
na saa yao inasema bado sekunde sitini na moja.

Kwetu watu wawili humaliza birika zima
bila neno, wakaagana wameshibana.
Debe tupu ndilo livumalo, na mimi si debe.
Lakini kile kijicho chekundu juu ya kioo
kilikuwa kinanisubiri kama mgeni
asiyejua nyumba hii hunyamaza.

Arobaini na nane. Arobaini na saba.
Nikanywa kahawa.
Nyuma yangu friji likaamka, likaunguruma,
na ndani ya muungurumo, chini kabisa, mkwaruzo.
Nikageuka. Nikalitegea sikio
kama nilivyokuwa nikiutegea ule mtambo,
kichwa upande, macho yamefumbwa.
Nikairudia kamera nikaiambia:
Feni yake imekaribia kufa. Haifiki Pasaka.

Sifuri. Nikatuma.

Venla akapiga simu akiwa karibu kulia:
Mama! Uliipa mgongo sekunde ishirini!
Nikamwambia, ndiyo,
na ukiusikiliza vizuri, mgongo nao ni wangu.
Hakucheka.

Jibu halijaja.
Usiku naamka saa tisa, natazama simu, narudi kulala.
Feni imefika Alhamisi kwa posta.
Nimeifunga mwenyewe.