Meno Ishirini na Matatu

Wiki tatu nilikataa.
Nilimwambia Hilkka: kisu cha baba yako hakitiwi meno.
Kisu ni kisu, msumeno ni msumeno,
na mimi niliyenoa misumeno ya kiwanda cha mbao Lieksa
miaka thelathini na mmoja
naijua tofauti kwa ncha za vidole
hata taa zikizimwa.

Hakubisha. Aliutungua mkate kwenye ufito wa dari,
mkate mweusi, wa mviringo, tundu katikati,
uliokaukia pale tangu Oktoba.
Akauweka ubaoni, akakandamiza.
Makali yakateleza juu ya ganda
kama mtoto juu ya ziwa la Januari.
Akakandamiza tena, kwa vidole vile
vilivyovimba viungo kama mafundo ya kamba.
Sikusikia mkate ukikatika.
Nilisikia pumzi yake.

Kijana wetu wa Tampere alishaleta kisu cha dukani,
mpini wa plastiki, meno tayari.
Kimo ndani ya droo, chini ya mishumaa.
"Mkono wangu haukijui," alisema Hilkka,
basi yakaisha.

Siku theluji ilipofika dirishani
nilishuka bandani na kile cha baba yake:
mpini wa birchi, umelika mahali pa kidole gumba,
na gumba lenyewe si langu.
Bapa limenolewa hata likakonda.
Laini. Kimya. Kibogoyo.
Haya, cheka: mimi pia kibogoyo,
yangu hulala ndani ya glasi,
na nani anajua ganda la mkate kunishinda?

Nikakibana kwenye jiliwa, katikati ya ngozi mbili za buti kuukuu,
nikaweka nukta za wino,
milimita nne, nne, nne.
Tupa ya duara ikalia, ikateleza;
chuma cha yule mzee kiliishinda.
Tupa, jina lake ni ushauri:
tupa, kiache, rudi ndani unywe kahawa.
Sikutupa. Nikatafuta kijiti cha almasi.

Upande mmoja tu, wa kulia.
Ukila pande zote mbili
utapata sega, hutapata kisu.
Misukumo sita, tone la maji, misukumo sita.
Usiwashe mashine kwa haraka zako:
chuma kikigeuka samawati kimekufa,
wala hakizikwi, kinakaa mezani kikikukodolea.
Bonde, kilele, bonde.
Kisu kikaanza kuota,
sijui meno, sijui ndoto.

Jino la kumi na saba
mbwa wa Väinö alibweka, mkono ukaruka.
Likakaa upande, kama jino la mtoto wa darasa la pili.
Kilichokwisha kuliwa na almasi hakirudi.
Urithi wa mkwe wangu ulikuwa mezani,
unga wa kijivu, hata kijiko kimoja haujai.
Nikaupuliza.

Kisha jiwe bapa upande wa pili, mara tatu,
kuondoa ule unyuzi wa chuma unaojikunja.

Hilkka hakusema asante.
Alivuta, hakukandamiza.
Mkate ukanguruma, ukaachia.
Makombo! Nyumba hii haikujua makombo.
Akayaokota kwa kidole chenye mate,
moja moja, akala.

Halafu akasema, "Sasa hakitachonga tena."
Kweli. Kijiko cha harusi yetu,
kile kinachoning'inia karibu na jiko,
baba yake alikichonga kwa makali yale.
Msumeno hukata mbele na nyuma,
nami nilikuwa nimesimama nyuma.

Alipitisha gumba lake juu ya meno, taratibu,
akihesabu bila sauti: ishirini na matatu.
Kwenye la kumi na saba akasimama.
"Hili ni lako," akasema.

Na kila asubuhi,
mkate ukiwa mgumu kuliko kawaida,
huanzia hapo.