Mkebe wa Saba

Filamu ilikuwa moja, sinema zilikuwa mbili.
Menezes alianza saa mbili kule Ngara,
Popatlal saa mbili unusu mjini,
na kati yao nilikuwa mimi, Nzioka,
na baiskeli nyeusi isiyo na kengele,
nikipeleka mauti mkebe kwa mkebe.

Wa kwanza: mjane anahamia nyumba ya mlimani.
Wa tatu: kisu kimetoweka jikoni.
Wa tano: ngazi, na taa inayozimika yenyewe.
Haya nimeyajua kwa kuambiwa. Menezes
alinidokezea huku akikaza kamba kwenye keria,
sentensi moja kwa safari moja,
bakhili kama muuza zafarani.
Mlango wa mbele haukuwa wangu miaka ile.
Bango halikuandika hivyo. Halikuhitaji.

Wa saba ndio uliokuwa na muuaji.
Nilimbeba nyuma yangu
amejikunja ndani ya bati,
na kila shimo la barabara
alinibishia mgongoni: ngo, ngo.
Sikumfungulia.

Darajani, mto ukinuka majivu na sabuni ya dobi,
kurunzi ikanipiga usoni.
"Simama. Umebeba nini?"
"Sinema, afande."
"Sinema haibebwi. Fungua."

Tukachuchumaa, yeye na rungu lake, mimi na jasho langu,
tukavuta utepe mbele ya mwanga:
mkono juu ya kitasa.
Mkono juu ya kitasa.
Mkono juu ya kitasa.
Mkono uleule, picha hamsini,
haufungui, hauachilii.

Nikasikia pumzi yake sikioni.
"Wiki jana nilikuwa zamu pale mlangoni," akanong'ona,
"nikasikiliza mpaka yule mama anapopiga ukemi.
Kisha nikahamishwa huku."
Akalamba midomo.
"Ni nani?"

Mjini watu mia tatu walikuwa gizani,
glavu mapajani, pazia jeupe, jeupe tupu,
visigino vimeanza kugonga sakafu,
Popatlal jukwaani anaomba radhi kwa lugha tatu,
na jibu lao lote limelala darajani
mikononi mwa wawili wasiouziwa tiketi.

Sikujua. Lakini rungu likikuuliza,
huliambii hujui.
"Daktari," nikasema.

"Nilijua!" Akajipiga paja. "Nilijua!
Yule na mkoba wake!"
Akaufunga mkebe yeye mwenyewe,
taratibu, kama anayemfunika marehemu.

Mwezi wa nne, robo ya nyama
nilifungiwa kwa gazeti.
Chini ya damu, picha: bwana wa tai ya kipepeo
ameinua kisanamu cha dhahabu, huko Hollywood,
kwa kuikata na kuiunga filamu ile
hata watu wakasahau kupumua.
Amemshukuru mkewe. Amemshukuru mwongozaji,
na Mungu, na mama yake,
na mzee anayewachemshia kahawa studio, kwa jina.
Nikasoma mpaka pale mafuta yalipokula maneno.
Labda nilikuwa hapo, kwenye mafuta.

Nikakaanga nyama.

Askari nilimwona tena bendera ikishabadilika,
sare mpya, kitambi kipya, nje ya soko la Wakulima.
"Daktari!" akaita toka ng'ambo ya pili,
na watu wakageuka kunitazama
wakitafuta koti jeupe.
Akawa hivyo kila tulipoonana,
mpaka alipostaafu akarudi kwao Vihiga: Daktari!
Nami nikimpungia mkono.

Mwisho wake sijauona hadi leo.
Sinema ya Menezes ni duka la mapazia;
ya Popatlal, watu wanasali ndani.
Ila usiku mwingine usingizi ukinigomea
humfikiria yule daktari.
Pengine alikuja tu kumpa mjane dawa ya kifua.
Pengine mkono ule kwenye kitasa
ulikuwa wake, anakuja kuokoa,
nami ndiye niliyemtia hatiani
kwa mwanga wa kurunzi,
nikitaka tu kuvuka.